Gari la Wagonjwa la Nyundo FC

Timu ikishuka daraja, jamani, haishuki peke yake. Inashuka na nyumba za watu. Nyundo FC ya Kizota ilipoteremka kutoka Ligi Kuu, mdhamini aliondoka bila hata kuaga, na wachezaji wenye majina wakapigiwa simu huku na huko, wakaenda zao na viatu vya klabu miguuni. Mwaka uliofuata ikashuka tena. Basi la timu likakamatwa na fundi mmoja wa Nkuhungu kwa deni la gia boksi, na mpaka leo kuku wanatagia humo. Waliobaki ni vijana kumi na tano waliokuwa wakija mazoezini baada ya kubeba magunia.

Na alibaki Abeli Chilewa. Huyu alikuwa katibu, na kwa kuwa mwenyekiti hakuwa amepokea simu ya mtu tangu Januari, Abeli alikuwa pia mwenyekiti, mweka hazina na mpiga chokaa wa mistari ya uwanja. Kazi yake hasa ni ufundi wa magari. Gereji yake iko Kizota, jirani na mashine za kukamulia alizeti.

Msimwulize kwa nini hakuiacha timu ife. Marehemu baba yake ndiye aliyeianzisha na wahunzi wenzake, na jezi za kwanza alizinunua kwa kuuza ng'ombe saba. Mgogo auze ng'ombe saba anunue fulana! Ukoo ulimsusia, na mama yake Abeli alilia mwezi mzima. Kila Abeli alipofikiria kuifunga ile ofisi, aliwaona ng'ombe wale. Timu ikifa, alisema, wote waliomcheka baba watakuwa wamecheka kwa haki.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kwenye ligi, mwenyeji ndiye anayeleta gari la wagonjwa uwanjani. Gari lisipokuwepo, mwamuzi anasubiri nusu saa, kisha anafunga kazi, na mgeni anaondoka na pointi tatu na magoli matatu bila kutoka jasho. Nyundo yalishawakuta hayo mwezi wa pili, na barua ikafuata: mkirudia, mnafutwa. Mechi ya nyumbani iliyobaki ilikuwa moja tu, dhidi ya Bereko United kutoka Kondoa. Wakishinda hiyo, wanabaki ligini.

Abeli alizunguka mji wiki nzima akitafuta gari. Kote walitaka hela mbele, na sehemu moja dada wa mapokezi alimwuliza, "Nyundo? Kumbe bado ipo?" Alitoka nje, akakaa juu ya pikipiki yake, akalia mchana kweupe, mtu mzima wa miaka arobaini na saba. Alipofuta machozi akarudi gereji. Na pale gereji, macho yake yakatua kwenye Haisi nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni.

Lilikuwa gari la wagonjwa la zahanati moja ya nje ya mji, limelala hapo miezi mitano. Injini yake ilikuwa imeshushwa na kupelekwa Dar es Salaam kuchongwa silinda, na haikuwa imerudi. Lakini machela ilikuwemo. Mtungi wa hewa ulikuwemo, japo mtupu. King'ora, ukiweka betri, kilikuwa kinalia vizuri kabisa.

Mfa maji haachi kutapatapa.

Asubuhi ya mechi, Kanta moja ya mizigo iliyobeba mashudu ya alizeti ililivuta kwa kamba mpaka kwenye geti la uwanja, nyuma ya maghala, ikaendelea na safari yake ya Singida. Kuliingiza ndani walilisukuma watu watatu: Abeli, Gideoni fundi mwenzake, na Luka.

Luka alikuwa nahodha, beki wa kati, miaka thelathini na minne na magoti yake yameshachoka. Alikuwa pia mume wa Priska, mdogo wake Abeli. Timu mbili zilimtaka msimu ule, zote akazikataa. "Nikiondoka mimi, shemeji, nani atakuvumilia?" alisema, na maneno yakaishia hapo.

"Shemeji," Luka alisema akihema, bega likiwa kwenye mlango wa nyuma, "nikiumia leo, nashuka nasukuma mwenyewe, au vipi?"

"Funga bakuli lako, sukuma."

"Mgonjwa anajipeleka hospitali na gari lake kichwani!"

Wakacheka mpaka Gideoni akakaa chini. Lilipotulia kwenye kona karibu na goli, Luka akafuta jasho, akaacha kucheka. "Ila Priska asijue. Nimemwambia leo gari lipo. Ndiyo maana amekubali kuja."

Priska hakuwa amekanyaga uwanjani tangu mwaka jana, siku kipa wao alipovunjika mguu akapakiwa kwenye bajaji mfupa ukionekana. Siku ile aliapa. Mumewe akimtajia mechi, alikuwa akitoka chumbani.

Kamishna wa mchezo alikuwa mama mmoja mfupi wa miwani, anaitwa Yudith. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaona machela, akaona mtungi. Akaomba asikie king'ora. Abeli akabonyeza, kikalia mpaka njiwa wakaruka kwenye mabati ya maghala. Mama Yudith akaweka tiki kwenye fomu yake. Dereva ni nani? Ni mimi, alisema Abeli. Basi.

Priska akapita na kanga yake mpya mabegani. "Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

Akalitazama lile gari juu mpaka chini, akashusha pumzi. "Leo nitakaa kwa amani. Mungu awabariki jamani, najua mlivyohangaika."

Abeli akainama akajifanya anakagua tairi.

Nyundo walifunga dakika ya sitini na moja. Bao la hovyo, mpira uligonga goti la mtu ukaingia, lakini bao ni bao. Wauza karanga walirusha karanga zao hewani. Zilipobaki dakika kumi, Bereko wakapata kona. Mpira ukaja juu, Luka akaruka nao, akasukumwa hewani, na kichwa chake kikapiga mlingoti wa goli, chuma kizito kilichochomelewa Kizota palepale. Mlio wake ulisikika mpaka getini. Luka akaanguka, hakuweka hata mkono chini.

"Gari! Gari la wagonjwa!"

Wakamweka kwenye machela, wakamwingiza, Priska akapanda naye huku kanga imebaki chini. Abeli alikuwa ameshakaa kwenye usukani na funguo mkononi. Alifikaje pale, hata mwenyewe hajui.

Hapa ndipo ninapomlaumu, na sitaacha kumlaumu. Alikuwa na nafasi ya kusema. Maneno matatu tu yangetosha. Lakini alimwona Mama Yudith amesimama na fomu yake kifuani, akawaza bao moja kwa bila, akawaza dakika kumi, akawaza ng'ombe saba. Akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele: "Betri imekata! Lisukumeni liwake!"

Loo! Watu wakalivamia. Mashabiki, wachezaji wa Nyundo, wachezaji wa Bereko, nahodha wao Hamza mbele kabisa, na mabega yaliyokuwa yakipigana vikumbo dakika chache nyuma yakalisukuma gari moja. Walilisukuma kutoka goli moja mpaka la pili, vumbi limetanda. "Ingiza gia! Achia klachi!" Na Abeli akaingiza gia ya gari lisilo na injini, akaachia klachi.

"Kaka, fanya haraka," Priska alisema kule nyuma. "Anakoroma. Kaka, anakoroma."

"Linakaribia kuwaka," Abeli akamjibu.

Wakaligeuza, wakaanza kulisukuma mara ya pili.

Gideoni alikuwa getini akikata tiketi. Alipoona gari linarudi, alitupa tiketi chini akakimbia uwanja mzima. Akafungua mlango, akamvuta Abeli kwa ukosi wa shati, akainua kiti cha dereva. Kwenye Haisi, injini inakaa chini ya kiti. Watu wakachungulia, na chini ya kiti wakaona nyasi kavu na udongo wa uwanja.

"Acheni kusukuma!" Gideoni alilia. "Hakuna injini humu! Hakuna!"

Mzee mmoja akatema mate. Wengine walishika vichwa. Mtu pekee aliyekuwa na akili wakati ule alikuwa Hamza, ambaye alipiga ukelele, "Kosta yetu! Dereva wetu yuko wapi?" Dereva wa Bereko alikuwa amekwenda kula nyama mtaa wa pili, na funguo mfukoni. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Mpaka akapatikana, mpaka Luka akahamishiwa kwenye viti vya Kosta, zilishapita dakika ishirini.

Hospitalini daktari aliuliza ameumia saa ngapi. Walipomwambia, alitazama saa yake. Luka alifariki jua likizama.

Siku ya tatu ya msiba, nyumbani kwa Luka na Priska, Ipagala, Mama Yudith alikuja. Alitoa pole, akaketi na Abeli kwenye benchi chini ya turubai.

"Ripoti yangu sijaituma," alisema. "Na ile tiki niliiweka mimi. Naweza kuandika kwamba gari liliharibika ghafla. Mechi mtairudia, na timu itabaki."

Siku nne nyuma Abeli angempigia magoti. "Andika halikuwa na injini, mama. Na jina langu uliweke."

"Watawafuta, mwanangu. Na wewe polisi watakuita."

"Waniite."

Priska alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Kwa siku tatu hakuwa ametoa chozi, na wanawake walishaanza kunong'ona. Sasa akainua kichwa.

"Kaka, njoo." Abeli akaenda, akachutama mbele yake. "Nakuuliza jambo moja tu. Luka alijua?"

Gideoni alikuwa akigawa chai. Akasimama na birika mkononi, akaangalia miguu yake.

Njia ya mwongo ni fupi, na Abeli alikuwa amefika mwisho wake. Akisema kweli, nusu ya mzigo ingemtoka mgongoni hapohapo, na hakuna ambaye angeweza kumbishia. Lakini alimwona mdogo wake, akajua anachokiuliza. Anauliza kama mume wake alimtazama usoni, akamwambia gari lipo.

"Hakujua," Abeli alisema. "Alilikuta limeegeshwa. Nilimdanganya kama nilivyokudanganya wewe."

Priska alifumba macho. "Siku tatu nimeshindwa kumlilia," alisema. "Nilidhani na yeye alinidanganya." Ndipo kilio kikamtoka, kilio kirefu, akajipiga kifua akimwita Luka kwa jina, na wanawake wote wakaanza kulia naye. Alipopata pumzi alisema, "Sasa ondoka kwangu, kaka. Na arobaini usije."

Abeli akachukua kofia yake, akatoka. Gideoni alimfuata, akamkuta barabarani.

"Bwana Abeli, mbona umebeba yote? Luka mwenyewe si ndiye ali..."

"Asubuhi ile wewe ulikuwa getini unakata tiketi," Abeli alimkatiza. "Hukuona kitu. Umenisikia?"

Wakaenda mpaka uwanjani, maana mwenye uwanja alikuwa anataka lile gari litolewe siku hiyohiyo. Lilikuwa palepale walipoliacha katikati ya uwanja, kiti bado kimeinuliwa. Gideoni akashika upande wa kulia. Abeli akaweka bega kwenye mlango wa nyuma, mahali alipokuwa Luka, wakasukuma. Wakapumzika, wakasukuma tena kwa nguvu zao zote. Safari hii walikuwa wawili, na gari halikusogea.