Kijiko Kimeanguka

Mimi ni mhandisi wa leza, na maabarani kwangu kuna sheria moja ambayo sina mzaha nayo: kitu kikianguka, fumba macho kabla hujainama. Miale inapita juu kidogo ya meza, na anayeinama anapitisha macho palepale. Ukiingia jichoni hata mmoja, jicho ndiyo basi tena.

Siku mchumba wa binti yangu alipomleta shangazi yake nyumbani tufahamiane, kijiko kilinidondoka. Nikafumba macho, nikainama, nikapapasa chini ya meza mpaka nikakipata. Shangazi mtu akanitazama kwa huruma.

"Pole, dada. Macho yanakusumbua?"

"Macho yangu mazima kabisa."

Mume wangu ananijua, akawahi kumweleza mambo ya maabara.

"Sawa, shemeji, lakini hapa si sebuleni?"

Nilikuwa natafuta jibu la kumziba mdomo, mara binti yangu akaangusha kifuniko cha chupa. Akafumba macho, akainama, akapapasa. Yeye ni mhasibu. Maabarani kwangu hajawahi kukanyaga.

Shangazi akamgeukia kijana wake. "Baba, unaona lakini unakoingia?"

Aliingia hivyo hivyo, wakaoana. Juzi alikuja kutusalimia, funguo za gari zikamponyoka mlangoni. Mkwe wangu akafumba macho, akainama.

Nilimwacha hapo hapo akipapasa, nikaenda chumbani kumpigia simu shangazi yake.