Tatu kwa Kumi

Filamu ambayo mtu anachinjwa na damu haimrukii mchinjaji, mimi siipi zaidi ya nne. Ndivyo nilivyo. Kwenye chumba chetu cha ushonaji waliniita Hakimu, na jina lenyewe nililipenda, maana wenzangu wawili walikuwa watazamaji wa kusamehe hovyo. Nusu, mkataji wetu, mtu mzima mwenye mikono ya polepole, hajawahi kuipa filamu yoyote alama kamili. Ni sita na nusu, ni saba na nusu, na ukimwuliza hiyo nusu ni ya nini atakwambia ni ya jasho la watu. Bingwa, fundi wa vifungo na mpelekaji wa mizigo, ugonjwa wake ni ngumi. Mtu akirushwa tu kupitia dirisha la kioo, Bingwa katoa tisa.

Kila asubuhi, kabla mashine hazijashika moto, kila mmoja alileta aliyoitazama nyumbani usiku, tukaihukumu. Siku hiyo alianza Bingwa, mdomoni ana pini, mikononi ana sare za walinzi anazozifunga robota.

“Dada, jana nimeona moja! Jamaa wamemuulia mke. Kachukua nyundo. Nyundo, dada! Watu kumi na wanane, ukumbi mmoja.”

“Alihema?”

“Nani?”

“Huyo wa nyundo. Kuua watu kumi na wanane si kupiga pasi kola. Alihema?”

“Sikumwona akihema.”

“Basi nne. Asinidanganye.”

“Mpe na nusu yake,” Nusu alisema bila kuinua mkasi kwenye kitambaa. “Nyundo ni nzito.”

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kifua wazi, ananisubiri nimshonee mfuko wa shati. Ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Mama alipofariki nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe nikiwa mtoto, na hadi leo akikohoa mimi ndiye ninayeamka. Alikuwa fundi simu, na bisibisi zake zilitoboa kila mfuko niliomshonea.

“Mimi nampa kumi yule aliyetoka ukumbini akaenda zake nyumbani,” alisema.

“Hakuna aliyetoka,” Bingwa akamjibu.

“Basi sifuri.”

Tulimcheka. “Kunguru mwoga,” nikamwambia.

“Ndiye anayekimbiza ubawa wake, dada.”

Nilimwekea mfuko wa kitambaa cha pazia, maua mekundu makubwa, kwa sababu ndicho kilichobaki na kwa sababu nilitaka kumwudhi. Alilalamika kwamba nitamfukuzia wateja, akalivaa shati hivyo hivyo, akaondoka na simu ya mtu aliyoitengeneza, anampelekea mwenyewe. Bingwa naye akapakia robota lake kwenye baiskeli, akashika njia.

Mchana simu yangu ikalia juu ya meza ya mashine. Bingwa alikuwa ametuma kipande cha video kwenye kundi letu la watu watatu, na maneno: “Mpya hii. Toeni alama.” Hilo halikuwa jambo geni. Kazi yake ilikuwa kukata vipande vya filamu na kututumia, hasa vile vya watu kuvunjwa meno. Nikaiegemeza simu kwenye kigurudumu cha uzi, Nusu akaja kusimama nyuma yangu, tukatazama.

Mtu amelala kifudifudi kwenye kokoto. Miguu imemzunguka, viatu, ndala, buti. Ubao unapanda, unashuka mgongoni. Unapanda, unashuka. Buti linamwingia ubavuni. Yule mtu hapigi kelele. Mara anainua kichwa kidogo, anaelekea upande wa kamera, ananyoosha mkono, kisha ubao unashuka kwenye mkono ule.

“Mpiga picha kalewa,” nikasema. “Ona inavyotikisika.”

“Na mwigizaji anaitazama kamera,” Nusu akasema. “Tena anaipungia.”

“Hajui hata kupigwa. Mtu akila ubao namna ile analia hadi marehemu wageuke kaburini. Huyu kimya kama ameazimwa.”

Tulicheka sana. Nusu akatoa tano na nusu. Mimi nikabonyeza kitufe cha sauti, nikasema kwa ile sauti yangu ya kihakimu: “Bingwa, tatu kwa kumi. Picha inatikisika, na anayepigwa hana uso. Nitamhurumiaje mtu asiye na uso? Mwambie mwongozaji wako asogee karibu, na wamgeuze.”

Nikarudi kwenye zipu yangu. Hata sikuimaliza, kipande cha pili kikaingia.

Safari hii picha ilikuwa karibu, imetulia. Kokoto zilionekana moja moja. Na juu ya makelele ya watu nikaisikia sauti ninayoisikia kila siku, karibu kabisa na simu iliyokuwa inarekodi: “Mgeuzeni, uso uonekane!”

“Hiyo si sauti ya Bingwa?” Nusu akauliza.

Buti likaingia chini ya bega la yule mtu, likampindua chali. Uso haukuwa uso. Ulikuwa damu na vumbi vilivyokandwa pamoja, na jicho moja limefumba. Lakini kifuani kulikuwa na mfuko, na mfuko ulikuwa wa maua mekundu makubwa. Kisha yule mwenye buti akapanda juu ya yale maua kwa kisigino, mara mbili, kwa uzito wake wote.

Sikumbuki nilisema nini. Nusu anasema nilisema, “Nimemshonea leo.” Nilinyakua mkasi wa kukatia na nikawa barabarani, nakimbia bila viatu, simu sikioni.

Bingwa alipokea anacheka. “Dada, umeiona ya pili? Nimesogea!”

“Uko wapi?”

“Nyuma ya yadi ya mbao. Mwizi wa simu huyu, wamemkamata na simu mkononi.”

“Ni mdogo wangu.”

“Nani?”

Nikaitupa simu. Kutoka kwetu hadi yadi ya mbao si mbali, ni kona tatu, na kila kona nilikuta watu wanakimbilia kule kule nilikokuwa naelekea, wana furaha, wanaulizana kama bado wanapiga.

Nilikuta ukuta wa migongo. Wengine walikuwa wamepanda juu ya magogo ili waone. Nikajipenyeza, nikasukuma, nikang’ata mkono wa mtu. Mwanamume mmoja mwenye miwani, mtu wa heshima kwa kumtazama, simu yake ameiinua juu kwa mikono miwili, akaniambia kwa upole kabisa, “Mama, unatuziba.”

Nilimpiga na mpini wa mkasi kwenye mfupa wa kifundo cha mkono. Simu ikaanguka, naye akapiga yowe, nami nikaingia katikati.

Nilimlalia mdogo wangu kama nilivyomlalia utotoni paa lilipokuwa linavuja. Alikuwa wa moto na amelowa. Mtu akasema, “Huyu mwenzake!” na ubao ukanishukia mgongoni. Nilisikia ubavu ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Ulipopanda tena niligeuka, nikamchoma mwenye ubao pajani, nikausukuma mkasi hadi ukagota, nikauzungusha. Alilia. Nasema ukweli: sijawahi kusikia kitu kitamu kama kilio kile. Nikauchomoa nikamtafuta mwenye buti, nikamkata usoni kuanzia sikio hadi kidevu, na ningeendelea na yeyote aliyekuwa karibu.

Duara likapanuka. Watu waliorusha mawe kwa mtu aliyelala hawakutaka kusogelea mtu aliyesimama. Ndipo Nusu akafika anahema, ameshika fimbo ya kupimia kitambaa, anaipeperusha kushoto na kulia huku analia kama mtoto, “Fundi simu huyu! Fundi simu! Mnaua fundi!” Na mwanamke mmoja, ambaye kumbe ndiye aliyepiga kelele ya mwizi tangu mwanzo, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli simu ni yake, aliibiwa juzi, lakini aliyemwibia alikuwa mtu mnene. Basi mdogo wangu alikuwa amepewa simu ya wizi aitengeneze, akawa anairudisha kwa mwizi. Yule mwanamke alisema hivyo, kisha akaiokota simu yake kwenye kokoto, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaondoka.

Bingwa alikuwa amesimama mbele kabisa, hatua mbili tatu kutoka pale. Simu alikuwa bado ameishika kimo cha kifua. Hapo ndipo nilipojua mdogo wangu alikuwa anamnyooshea nani mkono. Alimwona mtu anayemfahamu, akadhani amepona.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa mbao, na Bingwa alisukuma, kwa kuwa nilihitaji mikono. Jioni ile ile daktari alinitoa nje ya wodi akanikalisha kwenye benchi. Alikuwa mtu wa haki, hakunizungusha. Alisema mgongo ungepona, na mkono ungepona. Kilichomwua ni mateke ya kifuani, yale aliyoyapata baada ya kulala chali.

Baada ya mazishi Bingwa hakuonekana kwa muda. Polisi walikuwa wamemchukua wakamhoji, wakabaki na simu yake, wakamwachia. Alikuja asubuhi moja mimi nikiwa kwenye meza ya pasi, nanyoosha makola. Alikuwa amekonda. Nusu akaacha kukata.

“Dada, nimekuja kuomba msamaha.”

“Weka mkono hapa,” nikasema.

Akauweka juu ya blanketi la kupigia pasi, kiganja chini, bila kuuliza. Nikaiweka pasi juu yake. Alipiga yowe lililowatoa watu maduka ya jirani, na harufu ikajaa chumba kizima, lakini hakuuvuta mkono. Nusu alizunguka meza ya kukatia anaita, “Hakimu! Hakimu, basi!” Niliiinua nilipotaka mimi, na nilikuwa sijatosheka. Nilitaka na ule mwingine.

“Sikumjua, dada,” alisema, kamasi na machozi vinamshuka. “Haki ya Mungu sikumjua. Damu ilikuwa imemjaa usoni.”

“Na asingekuwa yeye?”

Alilifikiria lile swali kwa haki, nilimwona akilifikiria.

“Asingekuwa yeye,” akasema, “ile ya pili ungenipa ngapi?”

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anataka kujua. Nilimwambia asogee, akasogea. Nilisema wamgeuze, akawaambia wamgeuze. Nusu akachomoa waya wa pasi ukutani. Bingwa alikuwa bado ananitazama, mkono wake uko pale pale juu ya blanketi, anasubiri, na jibu nilikuwa nalo. Ningempa nane.