Mstari wa Juu

Wivu ninao, sina haja ya kuficha. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kwetu na begi moja, nikampa chumba, nikamfundisha kuandika programu kwa lugha ya Python kwenye meza ya kulia chakula, kisha nikamwombea kazi ofisini kwetu. Miaka miwili baadaye meneja anapita nyuma ya kiti changu kwenda kumuuliza yeye. Nyumbani nako mama mkwe akipiga simu ni yaleyale: "Mwanangu hajambo? Usimchoshe na vyombo, ana kazi ya kichwa." Yangu mimi sijui ilikuwa ya magoti.

Mfumo wetu unahudumia bohari ya dawa. Taarifa za dawa ni zilezile, ila jibu linatoka kwa sura mbili. Mtu akifungua kwenye kompyuta anapata ukurasa wenye jedwali na rangi. Mashine ikiuliza inapata data tupu, bila urembo. Kinacholipatia jibu sura yake tunakiita renda. Ya ukurasa niliandika mimi. Ya data aliandika wifi, tena kwa kufuta yangu ya zamani, eti nzito. Zote mbili zimeorodheshwa kwenye faili la mipangilio, kila moja mstari wake, na nani yuko juu si jambo dogo: anayesema anataka sura gani hupewa hiyo, asiyesema kitu hupewa ya juu. Ya juu ilikuwa ya wifi.

Meneja alikuwa na tabia ya kulionyesha faili hilo ukutani kwa projekta mbele ya wageni na kuugonga mstari wa juu kwa kalamu. "Huyu wa juu ndiye anayebeba mfumo mzima," anasema, na wifi anainamisha kichwa kwa ile haya yake ya kuigiza. Ijumaa wageni walikuwa wanakuja tena, na siku hiyohiyo meneja angemtaja kiongozi wa kitengo chetu. Cheo hicho nilikuwa nimekingoja miaka sita. Sikumwambia mtu. Nilidhani kazi inaonekana yenyewe.

Alhamisi mchana nikauhamisha mstari wangu juu. Kukata na kubandika, basi. Nilijiuliza kama kuna anayeuliza bila kusema anataka nini, nikajijibu kwamba siku hizi hakuna. Kwetu badiliko haliingii mpaka mwenzako alikague na kulipitisha, na mwenye zamu alikuwa wifi. Nikamtumia. Hata dakika haikuisha, kashalipitisha. Nikamtazama pale mezani kwake, anatafuna kalamu, hakuinua hata uso. Unajiona, nikasema kimoyomoyo.

Ijumaa saa nne, wageni bado hawajafika, akaingia mtunza bohari amejizungushia mkononi utepe wa lebo kama bandeji.

"Nani kanifanyia haya?" akauliza. "Tangu asubuhi mashine ya lebo haitoi jina la dawa wala tarehe. Inatoa takataka hizi. Magari matatu yamesimama uwanjani na hospitali zinapiga simu."

Takataka nikaitambua. Ulikuwa ukurasa wangu, umekatwakatwa lebo baada ya lebo, pamoja na namba ya ile rangi ya kijani niliyoihangaikia wiki nzima. Na mashine yenyewe niliiunganisha mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini, nikaona uvivu kuandika inataka sura gani. Basi ikapewa ya juu.

Meneja akageuka. "Nani kagusa mipangilio?"

Nafungua mdomo, wifi kashasimama. "Badiliko lilipita kwangu, meneja. Nililipitisha bila kulisoma. Nilaumiwe mimi. Nimesharudisha ilivyokuwa."

"Mnaona?" meneja akasema, uso umemchangamka. "Mtu anasimama, anabeba. Kiongozi ndiye huyu."

Hapo ndipo nilipochemka. Si uungwana ulioninyanyua kitini, Mungu ananiona. Nilishindwa kuvumilia asifiwe hata kwa kosa langu!

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Nimehamisha mimi, makusudi, niwe juu! Cheo nakitaka mimi, miaka sita nakitaka!"

Mtunza bohari akaanza kuukunjua utepe wake taratibu, akijifanya hayupo.

"Sasa mbona hukusema?" meneja akauliza, kwa upole ulioniuma kuliko kelele. "Mwezi mzima nimetangaza, anayetaka aniandikie. Aliyeandika ni mmoja."

Sikuuliza nani.

Nilimkuta wifi koridoni, anajaza chupa yake ya maji. "Kwa nini hukulisoma?" nikamuuliza.

"Lilikuwa na jina lako." Akainua mabega. "Kazi zako sijawahi kusoma, wifi. Si wewe uliyenifundisha?"

Alasiri nikafanya nilichopaswa kufanya mwaka ule wa kwanza: nikaiandikia mashine ya lebo kwamba inataka data. Nikatuma ikaguliwe. Kiongozi mpya wa kitengo akalifungua badiliko langu, akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta, akaanza kusoma.

Ulikuwa mstari mmoja tu. Alikaa nao robo saa.