Kitanda cha Maboksi

Kitanda cha nyumba ya mfano nilikitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo najua ninachosema. Ni maboksi kumi na mawili ya vigae, matupu, yamepangwa na kufungwa pamoja. Juu yake kuna godoro jembamba, halafu shuka nyeupe iliyobanwa kwa pini upande wa ukutani, halafu mito sita ambayo hakuna binadamu anayeihitaji. Kitanda chenyewe ni kifupi. Meneja wa mauzo ndiye aliyetaka kiwe kifupi ili chumba kionekane kipana. Mtu mzima akilala pale miguu inabaki nje, lakini hakuna anayeruhusiwa kulala.

Na si kitanda tu. Friji haina kitu wala waya. Matunda ya mezani ni ya plastiki, na kila asubuhi nayapangusa vumbi. Milango ya vyumba imeng'olewa ikafichwa stoo, kwa sababu mlango ukifunguka unakula nafasi. Mabomba yanang'aa lakini hayatoi maji. Pazia la dirisha la nyuma limeshonwa katikati, mtu asije akalifungua akaona jenereta na lundo la kifusi. La mbele liko wazi saa zote, maana upande huo kuna miti, na miti ndiyo inayouzwa. Bango la barabarani linasema: "Dakika arobaini tu kwa treni kutoka mjini. Rudi nyumbani kwenye kijani." Huu ni mwaka wa pili nausafisha uongo huo, ghorofa ya tatu, na sikuwahi kulalamika. Ndio ulionilisha.

Tatizo langu lilikuwa mama.

Mama yangu alifua na kutandika shuka za hospitali miaka thelathini na moja. Alistaafu na mgongo mbovu na akili timamu. Kisha akili nayo ikaanza kwenda. Alianza kusahau majina ya majirani, akaja kwenye siku za wiki, mwisho akanisahau mimi. Ilikuwa miezi minane sasa ananiita dada. Alidhani mimi ni dada yake mkubwa, ambaye tulimzika nikiwa bado shule. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha: "Mama, ni mimi, mwanao." Alikuwa ananitazama kwa heshima, kama mtu aliyefika mbele ya karani, anajibu, "Sawa, dada." Nikaacha.

Kisha akasahau jiko likiwaka. Pazia liliungua na nusu ya mlango. Mwenye nyumba hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba mwezi ukiisha anataka chumba chake. Jirani aliyekuwa akinishikia mama mchana naye akaniambia kwa upole kwamba amechoka, na sikumlaumu, hata mimi nilikuwa nimechoka. Nikazunguka kutafuta chumba. Kila mwenye nyumba alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye habari za mama. Kumwacha peke yake sikuweza. Nilishawahi kumfungia siku moja, nikarudi nikakuta kucha zake zina damu na mlango una mikwaruzo. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Sasa, chini ya jengo letu, kando ya pampu ya maji, kuna chumba cha msimamizi. Kina dirisha, kina choo chake, na kina mlango. Meneja wa mauzo, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Tabasamu kwa sababu hakuwahi kulivua hata akimfukuza mtu kazi, aliniita pembeni.

"Imebaki nyumba moja tu ghorofa hii, hii hii ya mfano," akasema. "Ikiuzwa kabla mwezi haujaisha, chumba cha msimamizi nakupa wewe. Ila kampuni inataka mtu mmoja, asiye na mzigo. Wewe una nani?"

"Sina mtu," nikajibu. "Niko peke yangu."

Lilinitoka kirahisi, sikujikwaa hata kidogo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nikishashika ufunguo nitamwingiza mama usiku mmoja, na baada ya hapo watutoe kwa nguvu kama wanaweza. Kumtoa mtu ndani ni kazi kubwa kuliko kumzuia mlangoni. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na niliona nina akili sana.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikuwa wanakuja mume na mke kuiona hiyo nyumba iliyobaki. Sikuwa na wa kumwachia mama. Nikampandisha treni ya kwanza, na mlinzi wetu, mzee tuliyemwita Kamanda, akatupitisha geti la nyuma bila kuuliza kitu. Nikamkalisha mama stoo, kwenye ngazi za wafanyakazi nyuma ya jiko, juu ya kiti, katikati ya ile milango iliyong'olewa. Nikampa vitambaa vya kufutia, rundo zima, avikunje. Mama akiwa na kitu cha kukunja hutulia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilitaka aelewe kwamba siku ni nzito, kwa hiyo nikamwambia, "Leo kuna watu wanakuja kukagua. Tulia hapa, usitoke."

Mtu mwingine angetulia. Lakini mama alifanya kazi hospitali miaka thelathini na moja, na siku ya ukaguzi hakuna aliyekuwa anakaa mpaka kila kitanda kiwe kimetandikwa sawasawa. Nililijua hilo tangu utotoni. Siku za ukaguzi alikuwa anaondoka alfajiri bila chai. Nililijua, na bado nikalisema hilo neno, nikafunga mlango bila ufunguo, nikaenda kumimina juisi.

Wageni walifika saa nne. Mke alikuwa na mimba kubwa, kila baada ya hatua tatu anashika kiuno. Mume alikuwa na futi ya kupimia mfukoni, na wanunuzi wanaokuja na futi sijawahi kuwapenda. Tabasamu akawaonyesha sebule, akawaonyesha jiko, akawaonyesha miti kana kwamba ameipanda yeye. Mimi nilisimama kona na trei yangu. Kazi yangu ilikuwa kusimama nisionekane.

Mke alikaa dirishani muda mrefu. "Hapa mtoto ataamshwa na ndege," akamwambia mumewe, na sauti yake ilikuwa imelainika. Nikajua tumewapata. Kichwani nikaanza kuhamia kule chini: mama alale upande wa ukuta, mimi upande wa mlango, jiko likae juu asipolifikia.

"Sasa twendeni chumba kikubwa," Tabasamu akasema.

Mama alikuwa mle ndani. Alipitia mlango wa jikoni, ule wa ngazi za wafanyakazi, na kwa kuwa vyumba havikuwa na milango, hakuna kilicholia. Mito yote sita alikuwa ameipanga sakafuni kwa mstari. Shuka alikuwa ameikunja. Godoro alikuwa amelisimamisha ukutani lipigwe hewa, kama walivyokuwa wakifanya wodini. Na maboksi yangu kumi na mawili yalikuwa wazi mbele ya wageni, yana picha za vigae ubavuni na maandishi makubwa mekundu: SHIKA KWA UANGALIFU.

Mwenyewe alikuwa ameinama na pini mkononi, kitambaa chake cheupe kichwani.

"Nani amemlaza mgonjwa juu ya maboksi?" akauliza. Akageuka, akaniona. "Dada, umeona mambo haya? Wakaguzi watasema nini?"

Mume akacheka kidogo, kwa aibu. Mke hakucheka. Tabasamu hakulivua tabasamu lake, ila lilikauka, na akaligeuzia kwangu.

"Huyu ni nani?"

Nimeshalirudia jambo hili mara nyingi sana kichwani, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kusema kitu kingine. Nafasi ilikuwepo. Ningeweza kusema ni mama yangu, mgonjwa, naomba radhi. Pengine mke yule angeniombea. Pengine Tabasamu mwenyewe ana mama. Lakini nilichokiona mbele yangu ni sisi wawili barabarani Jumatatu asubuhi, na godoro letu.

"Simjui," nikasema. "Labda ameingia na mafundi."

Mama akanitazama. Alinitazama muda mrefu, amekunja macho, kama anavyosoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Nilikaza macho kwenye trei.

"Samahani," akasema. "Nimekosea mlango."

Akaichukua ile shuka, akaikung'uta mara moja, akaitandaza juu ya maboksi na kuingiza kona mbili ndani kabla mtu hajasema neno. Kona zile zilinyooka kuliko nilivyowahi kuzinyoosha mimi. Kisha akanikaribia, akafungua kiganja changu, akaniwekea pini zake.

"Shika, binti. Zisije zikamchoma mtu."

Tabasamu alikuwa ameshampigia Kamanda simu. "Mtoe mpaka nje ya geti," akamwambia alipofika. Kamanda akanitazama. Alijua. Mimi nikatazama pini. Akamshika mama kiwiko, wakatoka, na mama akawa anamshukuru njia nzima kwenye ngazi, nikimsikia.

"Haya ni maonyesho tu," Tabasamu akawaambia wageni, "vitanda si mtaleta vyenu!" Mume akatoa futi yake akaanza kupima ukuta. Mke ndiye aliyenigeukia.

"Yule mama ana mtu wa kumwangalia?"

"Hakosi," nikasema, nikammiminia juisi. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo ninalojichukia kwalo mpaka leo.

Kupitia dirisha la mbele nilikiona kitambaa cheupe kikishuka barabara, kikaingia chini ya miti, kikatokea upande wa pili, kikaingia tena. Halafu hakikutokea. Miti ile ile ya kwenye bango ikanificha mama yangu, na mimi nimesimama na jagi.

Walichukua dakika arobaini kusaini. Mume alisoma kila ukurasa. Nilitamani kumnyang'anya kalamu nisaini mimi. Mwisho Tabasamu akawasindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akanitupia ufunguo mmoja wenye kibati. "Hongera," akasema. "Nilijua wewe ni mtu wa kazi." Nilikuwa nimeshafika ngazi ya pili.

Kamanda alinisubiri getini, kofia mkononi.

"Nilitaka nimweke kibandani kwangu," akasema. "Bosi alikuwa amenikodolea macho kutoka juu. Nisamehe, mwanangu. Amesema anaijua njia."

"Kamanda, mama hajui hata njia ya chooni!"

Nikakimbia. Mji ule haukujengewa watu wanaotembea kwa miguu. Ni kuta ndefu zenye maua juu yake, mageti yanayofanana, miti, kisha kuta nyingine. Hakuna duka wala genge, hakuna mtu aliyekaa nje. Nilimuuliza mtu aliyekuwa anaosha gari, akatikisa kichwa bila kuzima maji. Nilimuuliza mwanamke aliyetoka na mbwa, akavuka barabara. Nikawa naita "Mama! Mama!" na sauti yangu inarudi kutoka kwenye kuta, na sikumbuki ni wapi nilipopoteza kiatu kimoja. Nilimwomba Mungu ovyo ovyo. Nilimwambia achukue chumba, achukue kazi, achukue chochote. Kisha nikasikia honi ya treni, nikaongeza mbio.

Sikumbuki nilivyofika stesheni. Treni ilikuwa imeshapita, jukwaa liko tupu, na mwisho kabisa wa jukwaa, kwenye benchi, kulikuwa na kitambaa cheupe.

Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja. Viatu vyake vilikuwa na vumbi lakini alikuwa mzima, mzima kabisa. Nikaanguka mbele yake pale pale kwenye saruji, nikashika miguu yake.

Akanipangusa jasho kwa ncha ya khanga yake, paji la uso, kisha mashavu.

"Mwanangu," akasema. "Wameinunua?"

Miezi minane sikuwa nimelisikia neno hilo. Nikainua uso. Macho yale yalikuwa macho ya mama yangu, yenyewe, yananitazama mimi na si mtu mwingine.

"Wameinunua, mama."

"Haya. Nilikuona umebanwa, ndiyo maana nikatoka." Akasogea kunipisha kwenye benchi. "Kaa. Kiatu chako kiko wapi?"

Nikakaa. Ufunguo ulikuwa mfukoni unanichoma paja. Nililia kwanza, nikajifuta, nikatafuta maneno, na kila neno nililolipata lilikuwa dogo. Treni nyingine ilionekana mbali, bado haisikiki. Nikashika mkono wake.

"Mama, nisamehe. Kwa lile nililosema kule juu."

Akanigeukia taratibu. Alinitazama kwa heshima, akatabasamu kidogo, akautoa mkono wake mkononi mwangu ili arekebishe kitambaa.

"Lipi, dada?" akasema. "Hii treni inafika hospitali? Leo tuna ukaguzi."

Nikamwambia inafika.