Unesi wa Bi Mahbouba

Mji mzima wa Ibra, kule Omani, ukijua kuwa Bi Mahbouba alikuwa nesi Uingereza. Wanawake wakimletea magoti yao, presha zao na vikohozi vya wajukuu, naye akiwapokea kwa sura ya huruma aliyoipata kwenye sinema moja ya hospitali, akiwaambia wanywe maji na wapunguze halwa. Hakufa mtu, na sifa zikazidi.

Kweli alipelekwa London kutoka Unguja, msichana mbichi, kusomea unesi. Siku ya kwanza wodini aliona damu, akaanguka yeye badala ya mgonjwa. Haukupita muda akawa jukwaani, amebeba sinia la chai, akisema "Ndiyo, bibi." Aliisema hivyo katika michezo mingi, mpaka mtu mmoja wa New York akasikia kuwa anaisema kama tusi, akamchukua. Tangu hapo ikawa kuvuka Atlantiki: jukwaa huku, sinema kule. Alikuwa malkia, mchawi, maiti. Kwenye sinema alicheza Mhindi, Mmisri, Mmeksiko. Mzanzibari hakutakiwa hata siku moja. Waume alipata wawili, wote wazuri wa sura, wote akawaacha huko huko.

Uzee ulipomleta Omani, mtoto wa kaka yake, Harub, alimpokea kwa sharti moja.

"Shangazi, hapa wewe nesi. Marehemu baba ndivyo alivyowaambia watu."

"Nesi mkubwa au mdogo?"

"Shangazi!"

Basi akawa nesi, mpaka siku watu wa mji wa Sur walipokuja kumposa Jumana, binti wa Harub. Wanaume walikaa kwenye majilisi yao ya wageni, wanawake kwenye yao. Jumana alikaa kichwa chini, kama mchumba anavyotakiwa. Bi Badriya, mama wa mposaji, alikuwa akila halwa na kusimulia ubora wa mwanawe, mara lozi ikamkaba koo. Macho yakamtoka, uso ukageuka rangi.

"Nesi!" akapiga kelele Turkiya, mke wa Harub. "Bi Mahbouba, mwahi!"

Bi Mahbouba akainuka. Kukabwa akikujua sana. Aliwahi kukabwa jukwaani London vizuri hata daktari mmoja akaruka kutoka kwenye viti kuja kumwokoa. Lakini kumkwamua mtu hakukujua. Akaitafuta ile sura yake ya huruma, isije.

"Mimi si nesi!" alinguruma, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. "Mimi mwigizaji! Anayejua amsaidie!"

Jumana, aliyefundishwa mambo hayo chuoni Nizwa, alimrukia mkwewe mtarajiwa, akamwinamisha, akampiga mgongoni kipigo ambacho wake wengi hukiota tu. Lozi ikaruka, ikatua kwenye bakuli la tende.

Bi Badriya alipopata pumzi akamtazama Jumana. "Mkono huo mzito, alhamdulillahi. Mwanangu anauhitaji." Kisha akamgeukia Bi Mahbouba. "Na wewe, mwigizaji wa nini?"

"Jukwaa na sinema. Zaidi nikifa."

"Hebu kufa tuone."

Bi Mahbouba hakungoja kuombwa mara ya pili. Alishika kifua, akayumba, akateremka taratibu juu ya mito ya kukalia, akatoa mkoromo uliowafanya wanawake wapige yowe. Harub akaja mbio, akakohoa mlangoni, akaingia. "Inna lillahi! Shangazi!"

Maiti ikafumbua jicho moja. "Harub, unanizibia mwanga."

Posa ilikubaliwa, wageni wakaondoka wakicheka. Harub hakucheka. Walipobaki wawili alisema, "Umemwaibisha baba kaburini."

Hapo Bi Mahbouba akaacha mzaha. "Baba yako alikuja New York kunitazama."

"Baba? Hakusema."

"Alikaa nyuma kabisa na kanzu yake na kilemba, watu wakadhani naye yumo mchezoni. Akalia mwanzo mpaka mwisho."

"Ulikuwa ukifa?"

"Hata! Ulikuwa mchezo wa kuchekesha. Ukumbi mzima umeshika mbavu, kaka Nasr peke yake analia kama aliyefiwa."

Harub akajizuia, mabega yakamsaliti, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akauliza, "Alilia nini?"

"Nilicheza mama mgomvi. Sikuwa na pa kumtoa, nikamtoa kwa mama yetu: mwendo wake, mkono kiunoni, vile alivyokuwa akifyonya. Na Nasr alikuwa hajamwona mama tangu siku alipopanda chombo kuondoka Unguja. Alikuja nyuma ya jukwaa, akanikumbatia, akasema, 'Mahbouba, kwetu nitasema nesi. Hili sitaki kugawana na mtu.'"

Bibi yake Harub alikufa Unguja kabla yeye hajazaliwa, na picha yake haikuwapo.

"Alikuwaje?"

Bi Mahbouba akajifunga kanga kiunoni, akasimama. Mgongo ukanyooka, shingo ikarefuka, macho yakawa ya mtu mwengine. Akafyonya.

"Wewe! Nani aliyekufunza kukunja nne mbele ya wakubwa?"

Na Harub, mtu mzima mwenye ofisi yake Nizwa, akateremsha mguu.

"Shikamoo, bibi," akasema.