Viatu Mlangoni mwa Nyumba ya Magogo

Mpwa wangu Thabit ana ila moja tu: hajui kunyamaza. Tangu amwone Nasriya kwenye harusi moja ya jamaa zetu wa Unguja, wali ulikuwa haumshuki kooni, na mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda kumposea. Mwaka huo wa sitini na nane tukatoka Maskati hadi Matrah, kwa Mzee Suud babake Nasriya, nami namkanya njia nzima.

"Mzee Suud hapendi muongo. Akikuuliza, sema naam, basi. Ile nyumba yako ya magogo usiitaje!"

Kahawa haijamiminwa mara ya pili, Suud akamuuliza aliishi wapi kabla ya kampuni ya mafuta kumleta huku. Nikaona macho ya kijana yanang'aa, nikajua tumekwisha.

"Nilikuwa nasoma Kanada, baba. Kaskazini kabisa, kando ya ziwa, kuna kijiji wana nyumba ya magogo ya miaka mia. Ndo fakhari yao, kila mgeni hupelekwa kuiona."

"Mia? Dele la kahawa hilo lina zaidi."

"Na ziwa lenyewe huganda, malori yakapita juu yake."

Suud akaweka kikombe chini. "Ghanim, ulinambia kijana msomi. Hukunambia muongo. Binti yangu simwozi muongo."

Nilitamani ardhi inimeze. Thabit akatoa picha mfukoni: nyumba ya magogo, theluji mpaka madirishani, iliyokanyagwa mlangoni tu, na watu wamesimama mbele wamejifunika manyoya mpaka puani.

"Wewe uko wapi?"

"Huyo wa kushoto."

"Huyu dubu! Picha ya dubu hata mie nnaweza kuja nayo."

Nikaanza kutafuta fimbo yangu niondoke. Lakini nyuma ya pazia, alikokaa mkewe, Bi Masouda, na binti yao, mkono ukatoka kuidai picha. Ukafuata mnong'ono, kisha kicheko kilichozibwa kwa kanga.

"Baba Nasriya," akasema Bi Masouda, "tazama miguu."

Suud akaisogeza picha machoni. Wote walivaa mabuti makubwa, isipokuwa yule dubu wa kushoto. Yeye alisimama kwenye theluji na soksi, na mabuti yake yamepangwa vizuri kando ya mlango.

"Ulivua viatu? Kwenye baridi ile?"

"Nilikuwa naingia ndani, baba. Nyumba ya watu, nnaingiaje na viatu? Mpaka leo vidole viwili vina ganzi."

Suud akaangalia mlango wake, ambako makubazi yetu yalikuwa yamepangwa vilevile. Akacheka mpaka kilemba kikamwendea upande.

"Haya, muongo si muongo," akasema akijifuta machozi. "Lakini mjinga ni mjinga. Nimpe binti yangu mtu wa kuvua viatu kwenye theluji?"

Siku ya posa binti hasemi. Nasriya akasema.

"Mpe, baba. Soksi ntamfumia mie."

Na Thabit, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akanyamaza.