Kilindi cha Droo ya Nne

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Msafiri, karani wa masjala, alivuta droo ya nne ya kabati la chuma akitafuta jalada la likizo za watumishi. Aliinua ripoti nene iliyolala juu, akakuta chini yake bahari. Maji yalikuwa meusi na baridi, yameishia vidole viwili chini ya ukingo. Jalada la likizo halikuonekana. Akachukua uzi wa kufungia mafaili, akaufunga kwenye panchi ya chuma, akaishusha. Uzi uliisha. Akaunga wa pili na wa tatu, kisha akaacha, kwa sababu uliobaki ulikuwa wa kutumia hadi mwezi wa tisa.

Wakati wa chai alimwambia Evelina Matonya, kwa kuwa ripoti ilikuwa yake.

"Shikamoo, Mzee Msafiri."

"Marahaba, mwanangu. Droo yako ina maji."

"Ya chumvi?"

"Sijaonja. Sisi watu wa Kondoa hatuonji maji tusiyoyajua."

Evelina alichovya kidole, akaonja. Yalikuwa ya chumvi. Akatazama panchi ilivyozama na uzi ulivyotumika, akajua maji yale yalikuwa ya wapi.

Alikuwa Mgogo wa Zuzu, kwao kule ambako kiangazi watu huchimba mchanga wa korongo asubuhi nzima kupata ndoo moja. Akaenda kusomea bahari, tena ile ya chini kabisa. Kwa miaka sita alipanda meli za utafiti za watu wengine, akachunguza mlima mmoja uliozama mbali na pwani ya Lindi. Kilele chake kiko pima mia nne chini, mahali jua halifiki. Pale aliorodhesha aina mia tatu na kumi na moja za viumbe, na sitini na mbili kati yao hazikuwa na jina katika lugha yoyote. Kulikuwa na matumbawe yanayokua unene wa ukucha kwa miaka hamsini. Kulikuwa na samaki wadogo wenye taa ubavuni. Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia mbili na ombi moja: nyavu za kukokota zisipite pale, maana zikipita mara moja hakutakuwa na cha kukokota mara ya pili.

Idara yake ilishughulikia vilindi vya bahari, na ilikuwa Dodoma kwa sababu serikali ilikuwa inahamia Dodoma. Bahari haikuandikiwa barua ya uhamisho. Mwaka huo wa 1994 biashara ilikuwa imeshafunguliwa, wachuuzi wa Majengo wanafuata mahindi wenyewe vijijini, na maghala ya umma yamebaki na wadudu. Idara ikapewa ghala moja huko Makole. Halikuwa na madirisha, kwa kuwa mahindi hayana haja ya kuona nje.

Ripoti ilikuwa imeandikwa kwa Mkurugenzi, kupitia kwa Mkurugenzi Msaidizi, kama utaratibu unavyotaka. Mkurugenzi Msaidizi alikuwa Bwana Ebenezer. Kabla hajaandika maoni yake alipandishwa cheo, akawa Mkurugenzi, na kiti cha msaidizi kikabaki wazi. Tangu hapo, kwa miezi kumi na moja, Bwana Ebenezer alikuwa anasubiri maoni ya Bwana Ebenezer.

Umeme ulikuwa wa mgawo. Ulipokatika, ghala lilikuwa jeusi hata saa nne asubuhi, na watumishi walizoea kukaa wameshika kalamu mpaka urudi. Jumanne ulipokatika, Msafiri aliona mwanga unatoka droo ya nne. Samaki walikuwa wamepanda juu, taa zao za buluu zimewaka. Akachomoa droo, ambayo haikuwa nzito kuliko droo nyingine, wala haikumwaga hata tone, akaiweka mezani, akaendelea kugonga mihuri. Kufikia alasiri watu wa uhasibu walikuwa wanakuja kuiazima. Bwana Ebenezer alifurahi. Alisema idara nyingine zinalilia jenereta, ila yake inajitegemea.

Siku hiyohiyo ikaja barua. Mwekezaji mwenye meli nne za nyavu za kukokota angefika Ijumaa kuchukua kibali cha kuvua kwenye mlima ule. Sahihi iliyohitajika ilikuwa ya Mkurugenzi.

Jumatano Evelina aliingia ofisini kwa Bwana Ebenezer. Hakuwa mtu wa kuingia ofisi za wakubwa, na alisimama karibu na mlango.

"Mzee, kibali kikitoka, kabla ya Krismasi hakutakuwa na kitu kule chini."

"Naelewa, binti yangu. Bahari inaniuma kuliko unavyodhani. Mke wangu ni mtu wa Tanga."

"Basi soma ripoti. Hata ukurasa wa mwisho tu."

"Nitaisomaje, nayo haijanifikia?"

"Iko hatua kumi kutoka hapa, mzee."

"Utaratibu hauhesabiwi kwa hatua, Evelina." Alimsogezea sahani ya zabibu. "Chukua. Zimetoka shambani kwangu."

Alichukua moja, kwa adabu.

Ijumaa mgeni alifika na wasaidizi wawili na suti ya rangi ya mchanga. Saa nne na dakika kumi umeme ukakatika. Msafiri akaleta droo, akaiweka kati ya mgeni na Mkurugenzi, na samaki wakaanza kuwaka. Bwana Ebenezer alifungua kofia ya kalamu. Ndipo Evelina, aliyekuwa amesimama nyuma na nakala ya ripoti yake kifuani, alipovua kitenge mabegani, akafunika droo.

Giza likaingia. Mtu mmoja alikohoa.

"Evelina," ilisema sauti ya Bwana Ebenezer, "ondoa kitenge hicho. Mgeni ana ndege saa nane."

"Nitaondoa ukisoma, mzee. Nakala ninayo hapa."

"Nisome gizani?"

Evelina aliinamia droo. Aliendelea kushikilia pindo za kitenge.

Ukurasa wa sitini na moja wa ripoti unaeleza kwamba samaki wa kilindini hukaa chini kukiwa na mwanga, na giza likizidi hupanda juu kwa maelfu. Aliyeuandika ni yeye. Maji yalikuwa yamefunikwa, na huko chini ilieleweka kuwa usiku wa manane umefika. Wakapanda wote. Mwanga ulipita kwenye kitenge, kwanza pindoni, kisha katikati, mpaka maua yake yakaonekana juu kwenye mabati ya paa na kwenye suti ya mgeni. Ungeweza kusoma gazeti.

"Kumbe ni wengi hivi?" mgeni aliuliza.

"Hawa ni wachache," Bwana Ebenezer alisema kwa fahari. "Wengine bado wako njiani."

Akatia sahihi. Haikuwahi kutoka nzuri kama siku ile.

Nyavu zilipita mwezi wa kumi. Siku hiyo Msafiri alisikia mkwaruzo ndani ya kabati kuanzia asubuhi hadi saa tisa, akafunga mlango wa masjala kwa sababu watu walikuwa wanashindwa kuzungumza kwenye simu. Kesho yake maji ya droo yalikuwa na tope. Umeme ulipokatika hakuna kilichopanda. Idara ikaomba jenereta, ikapewa.

Mwezi wa kumi na mbili kiti cha Mkurugenzi Msaidizi kilipata mtu. Aliteuliwa Evelina, kwa kutambua mchango wake katika kuipatia idara mwanga. Faili la kwanza mezani kwake lilikuwa na ripoti ile, ikisubiri maoni. Aliandika mstari mmoja: Napendekeza ombi likubaliwe. Akaipeleka.

Bwana Ebenezer aliisoma yote, wikendi nzima. Jumatatu alikuja mwenyewe hadi mezani kwa Evelina, macho yamevimba.

"Binti yangu, ule ukurasa wa sitini na moja," alisema, akaiweka ripoti mbele yake.

Pembeni alikuwa ameandika: Kazi nzuri sana. Nimeona. Irudishwe masjala.

Msafiri aliivuta droo ya nne, akailaza ripoti juu ya maji, mahali pake pa zamani. Evelina alisimama kando yake akitazama. Umeme ukakatika. Walisubiri kidogo, kwa mazoea, wameinama wote wawili. Kisha Msafiri akatoka kwenda kuwasha jenereta.